Visubi wa Pipa Jeusi

Kibandiko kilikuwa kimeandikwa SIKI SAF.

Mama Mkubwa aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaikodolea macho, kisha akaigeuzia upande wa msichana aliyekaa sakafuni na kalamu mkononi.

"Msomi," alisema, "hii ndiyo shule uliyosomea? Siki saf? Saf ndiyo nini, mdudu gani?"

Dada Marashi, binti yake, alikuwa akikaza vifuniko vya chupa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Niliandika SAFI, Mama Mkubwa. Niliandika kwa mkono wangu huu."

"Basi hiyo i imekwenda wapi? Imetumwa dukani?"

Msichana aliichukua chupa. Pale ambapo i ilitakiwa kuwa, karatasi ilikuwa nyeupe na kavu, bila doa, bila alama ya kufutwa. Kisubi mmoja alikuwa ametua juu ya kifuniko, mdogo kuliko punje ya ulezi. Alimpuliza akaruka, akaiandika i upya, akachukua chupa nyingine.

Jina la Msomi hakupewa kwa sifa. Aliletwa katika nyumba ile wiki moja baada ya kumzika mama yake, akiwa na sanduku moja na madaftari tisa, akaambiwa atapumzika shule kwa muhula mmoja tu. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Kila alipouliza alijibiwa "tutaona". Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kazi ya kuandika vibandiko ikawa yake, na jina likamganda.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na cha nyuma kilikuwa cha siki. Mama Mkubwa aliitengeneza kwa maganda ya mananasi na ndizi mbivu, maji na sukari, akaiacha ichachuke wiki kadhaa ndani ya mapipa. Midomo ya mapipa ilifunikwa kwa kitambaa, kwani siki inapumua, alisema, na ukiiziba inakufa. Harufu yake iliingia kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye mkate. Dada Marashi alijipulizia manukato asubuhi, mchana na jioni ili, kwa maneno yake mwenyewe, asije akapata mchumba anayependa achari.

Mapipa matatu yalikuwa ya plastiki. La nne lilikuwa la mbao nyeusi, zito, limenunuliwa juzijuzi kwenye nyumba ya mtabibu mmoja aliyefariki. Watoto wa mtabibu walikuwa wakiuza vitu vya baba yao harakaharaka, kama watu wanaotoa takataka kabla mvua haijanyesha. Hawakusema pipa lilikuwa la nini, na Mama Mkubwa hakuuliza.

Siku lilipotiwa siki iliyokuwa karibu kuiva, vitambaa vilikuwa vimekwisha. Mama Mkubwa aliingia chumbani kwa wasichana, akafungua sanduku la Msomi, akachomoa daftari lililokuwa juu na kung'oa kurasa za mwisho zilizoandikwa. Akazipanga mdomoni mwa pipa, akazizungushia mpira, akaenda zake.

Msomi aliziona kesho yake. Mvuke wa siki ulikuwa umezilowesha, na wino wa bluu ulikuwa ukichuruzika matone matone kuingia ndani. Zilikuwa kurasa tatu alizoziandika wiki yake ya kwanza katika nyumba ile, insha kuhusu mama yake, ambayo hakumwonyesha mtu. Alizibandua, na hazikuwa na kitu tena.

"Ni karatasi tu," Mama Mkubwa alisema. "Ulikuwa unangoja ziote?"

Siku ya tatu baada ya hapo ndipo visubi walipokuja.

Mwanzoni walikuwa wachache, wakielea juu ya sinki kama moshi usiojua pa kwenda. Halafu walikuwa kwenye kikombe cha chai, kwenye mswaki, kwenye kope za mtu aliyelala mchana. Nyumba ya siki haikosi visubi, hilo Mama Mkubwa alilijua. Lakini hawa hawakujali maganda wala ndizi zilizooza. Walipenda vibandiko. Na bwana afya, aliyepita mwezi uliotangulia, alikuwa ameacha neno moja: akirudi Jumamosi ya wiki ya pili ya mwezi unaofuata akaona kisubi hata mmoja, anafunga chumba cha nyuma.

Mama Mkubwa alimwita Msomi jikoni. Mezani palikuwa na karatasi aliyoiokota kwenye sanduku siku ile ya daftari, fomu ya mtihani wa watoto walioacha shule wanaotaka kurudi. Msomi alikuwa ameijaza yote. Ilibaki sahihi ya mlezi.

"Mtihani ni Jumatatu baada ya bwana afya," Mama Mkubwa alisema. "Tuelewane. Nyumba ikiwa safi Jumamosi, nasaini, na Jumatatu nakupeleka mwenyewe mpaka getini. Akinifungia, tutakula nini? Hakuna shule ya mtu yeyote hapa."

"Kweli, Mama Mkubwa?"

"Mimi nimeshawahi kukudanganya?"

Msomi alikuwa tayari ameinuka kutafuta glasi.

Hakuna aliyewahi kuwinda visubi kama alivyowawinda yeye. Alimwaga maji ya moto kwenye mfereji wa sinki asubuhi na jioni. Alisugua chini ya jiko, nyuma ya kabati, pembe za ndoo ya taka. Alitoa maganda nje kabla hayajakaa saa moja. Kisha akapanga glasi kumi na mbili nyumba nzima, kila moja na siki vidole viwili, juu yake koni ya karatasi yenye tundu dogo chini. Kisubi huingia kwa harufu, na kutoka hajui. Alitaka kutia tone la sabuni ili wazame haraka.

"Sabuni usitie!" Mama Mkubwa alifoka. "Utaiharibu. Siki ya mtego inachujwa inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Pipani. Lile jeusi, lina nafasi. Unataka nimwage siki kwa ajili ya wadudu?"

"Mama, watu watakunywa miguu ya visubi," Dada Marashi alisema.

"Watu wamekunywa makubwa zaidi. Chuja vizuri, mtoto."

Basi ikawa hivyo. Kila saa saba mchana Msomi alikusanya glasi, akachuja siki kwa kitambaa na kuimwaga ndani ya pipa jeusi, na maiti za visubi akazitupa chooni. Siku ya kwanza aliwahesabu mia mbili na kitu. Siku ya pili akaacha kuhesabu. Na siki ya pipa lile, ajabu, ilitoka nzuri kuliko zote, nyeusi kidogo na kali. Wateja waliikimbilia. Mzee wa duka la kona, ambaye kila asubuhi aliwasomea gazeti kwa sauti wanunuzi wake na ndiye peke yake aliyemwita msichana Msomi bila kucheka, alichukua chupa ishirini kwa mkupuo. Nyingine ishirini zikaenda sokoni.

Jumanne Msomi alikaa kitandani kujisomea. Akafungua daftari la jiografia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na matundu, si ya karatasi bali ya maneno. Mto uliandikwa mo. Mlima uliandikwa l. Akafungua la historia, la sayansi, la hesabu, na kote alikuta vivyo hivyo, kama kinywa cha mzee kinavyobaki na meno machache. Kisubi mmoja alikuwa ametulia juu ya neno lililobaki. Alimpiga kwa kiganja. Alipoinua mkono, doa lililokuwa pale lilikuwa la bluu, na lilinuka wino.

Aliketi akaliangalia doa lile kwa muda mrefu. Halafu akatazama fomu ya mtihani ukutani, alikoibandika ili aione kila anapoamka, na kwenye mstari wa juu kabisa kulikuwa na neno fupi, lililochapwa kwa mashine, neno alilolisoma kila siku. Alijua kwamba alilijua. Lakini lilikataa kutamkika, kama mtu unayemfahamu anapokupita barabarani bila kukuitikia.

Kesho yake saa saba, jua likiwa kali, watoto wa jirani wakiwa shuleni na barabara kimya, aliingia chumba cha nyuma na glasi zake. Alisikia mvumo. Alidhani ni visubi. Lakini mvumo ulikuwa na mapigo, ulipanda na kushuka, ukasimama pamoja na kuanza pamoja, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyoutambua, kwa sababu alikuwa ameusikia miaka minane ya maisha yake kupitia madirisha ya darasa: lilikuwa darasa zima likisoma kwa pamoja, kwa sauti ya chini, sauti nyingi ndogondogo zikikokota silabi, ba, be, bi, bo, bu, na zote zilitoka ndani ya pipa jeusi.

Glasi zilimponyoka.

Dada Marashi alikuja mbio, akanyata mlangoni kwa viatu vya ndani. "Umevunja nini wewe? Mama atakuchuna ngozi."

"Dada. Sikiliza."

"Nisikilize nini, siki?" Akainama, sikio karibu na mbao, tabasamu likiwa bado usoni. Tabasamu likakauka. Alirudi nyuma polepole mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Nani yumo humo?" alinong'ona.

"Sijui."

"Mbona inasoma?"

"Sijui, dada. Ila mimi sisomi tena."

Dada Marashi alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mpumbavu. Alimshika mkono mdogo wake, wakatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, wakaenda kwenye nyumba lilikonunuliwa pipa.

Mjane wa mtabibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa bendeji. Waliposema pipa jeusi, alifumba macho.

"Wanangu waliliuza nikiwa hospitali," alisema. "Mmelifunika na nini?"

"Karatasi, bibi."

"Tupu au zenye maandishi?"

Msomi aliinamisha kichwa, na bibi akajua.

Akawaeleza kwa sauti ndogo, akitazama mlango kila mara. Mume wake alitibu watu waliopandwa na majini kwa kuandika maneno kwenye sahani, kuyaosha kwa maji na kuwanywesha. Maji yaliyobaki aliyamwaga kwenye pipa lile, maana hayafai kukanyagwa. Jini mmoja, badala ya kuyakimbia maneno yale, aliyafuata. Akaingia pipani akayanywa, akayazoea. Mtabibu alilifunga pipa kwa nta na kuliweka kavu miaka kumi na tisa.

"Nyie mmelifungua mkalitia majimaji, mkampa wino juu. Sasa ameonja mwandiko wako, mwanangu. Ataunywa mpaka uishe. Kwanza ulichoandika, kisha unachokijua."

"Na visubi?" Dada Marashi aliuliza.

"Ndio wachukuzi wake. Kila mmoja amebeba herufi moja. Akiwa hai, hajaifikisha, anaweza kuirudisha. Akizama kwenye siki, na siki hiyo ikarudi kwake..." Bibi aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Mmekuwa mkiirudisha?"

Nje mtu alikuwa akifua, na sauti ya nguo kwenye maji ilisikika waziwazi.

"Nipeni mpaka Jumapili, mguu huu uweze kutembea. Nitakuja nilifunge. Mpaka hapo msimwue hata mmoja. Wakamateni wazima, muwaweke mahali pakavu pamoja na karatasi yako. Waliobaki ndio ulichobaki nacho."

Njiani Msomi hakulia. Alikuwa akipiga hesabu za siku. Jumamosi bwana afya, Jumapili bibi, Jumatatu mtihani. Nyumba isiwe na visubi, na visubi wasife. Aliona njia moja.

Siku mbili zile aliwakamata kwa glasi kavu zilizopakwa siki ukingoni tu, mmoja mmoja, akiwahamishia kwenye chupa kubwa ya kioo aliyoifunga kwa kitambaa chembamba. Ndani alikunja karatasi nyeupe kutoka kwenye daftari la insha. Ijumaa adhuhuri, Dada Marashi akishika zamu mlangoni, aliitoa chupa chini ya kitanda na kuisogeza kwenye mwanga. Visubi walikuwa wametua juu ya karatasi. Hawakutua ovyo. Walikaa mistari mistari, kimya, mabawa yamekunjwa, na Msomi akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akafuata mstari kwa kidole, akasoma: mama.

Alisoma neno lile mara nyingi. Kisha akasoma linalofuata, na linalofuata. Hayakuwa mengi. Yalitosha mtu kuanza nayo upya.

"Yapo?" Dada Marashi alinong'ona.

"Yapo, dada. Yapo."

Jumamosi asubuhi Mama Mkubwa aliamka kabla ya wote, akafagia nyumba nzima kwa furaha, maana hakuona kisubi popote. Alifagia jikoni, alifagia ukumbini, akafagia chini ya vitanda wakati wasichana wako nje wakiosha mapipa ya plastiki. Ufagio uligonga kioo.

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma kuliko yote. Aliona wadudu mia tatu wazima chini ya kitanda cha mtoto, na bwana afya anabisha hodi saa nne. Akaona mtoto anayetaka kumponza mlezi wake, au mtoto mjinga asiyejua la kufanya nao. Alijaza siki mpaka shingoni mwa chupa, akaitikisa, akangoja, akachuja. Halafu akafanya kama alivyozoea kufanya miaka yote, akairudisha pipani, kwa sababu siki haimwagwi.

Msomi alikuwa uani na brashi mkononi. Alihisi kitu kikimtoka kichwani, bila maumivu, kama jino la utoto linavyotoka. Alitazama mfuko wa sukari uliokuwa mbele yake. Ulikuwa na michoro myekundu juu yake. Aliiangalia michoro ile, nayo ikamwangalia.

Bwana afya alipita kila chumba na tochi yake mchana kweupe. Alinusa sinki, akafungua kabati, akainua ndoo. Hakupata kitu. "Mama, umeniaibisha," alisema akicheka. "Nilikuja nimeshika kufuli." Akaandika, akagonga muhuri, akaondoka.

Mama Mkubwa alipofunga mlango aligeuka, macho yake yamelowa. Alimkumbatia Msomi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya mazishi.

"Nimekusamehe ile chupa," alisema. "Leta fomu yako nisaini. Ahadi ni ahadi."

Msomi aliileta. Aliishika juu chini, na hakujua.

Jumapili mjane alikuja na fimbo yake, nta ndani ya kopo, na kijana wa mkokoteni akingoja nje. Mama Mkubwa alimzuia mlangoni mwa chumba cha nyuma. Pipa lake bora? Kwa hadithi za jini?

"Mama, tafadhali," Dada Marashi alisema. "Sikiliza kwanza. Sikiliza tu, halafu utukane."

"Nisikilize ni..."

Pipa likaanza kusoma.

Halikusoma silabi tena, wala hazikuwa sauti nyingi. Ilikuwa sauti moja, ya msichana, sauti ya Msomi kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo alionao akifika mwisho wa sentensi, na Msomi mwenyewe alikuwa amesimama pale mdomo umefungwa, mikono imeshika kanga, akiwatazama wote huku sauti yake ikitoka kwenye mbao:

"Mama yangu alipozidiwa, alinituma nikamwite dada yake. Nilimkuta anachuja siki. Akaniambia, mwambie nakuja, namalizia mapipa mawili. Nilikaa kwenye kizingiti nikamsubiri. Nilihesabu ndoo. Zilikuwa kumi na nne. Tulipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka, na jirani akaniambia alikuwa akiuliza, wameshakuja? Wameshakuja? Sitamwambia Mama Mkubwa kwamba aliuliza hivyo. Nitaliandika hapa tu."

Mama Mkubwa alishuka chini taratibu, kama gunia linalotobolewa, akakaa sakafuni kwenye majimaji.

"Ndizo kurasa zile?" aliuliza.

"Ndizo," Msomi alisema.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza, Mama Mkubwa."

Kisha pipa, kwa sauti ileile, ya upole, ya mwanafunzi aliyeinua mkono, likasema: "Nimemaliza. Lete kingine."

Mjane alimgeukia Msomi. "Mwanangu, nikishalifunga, halitasema tena, na yaliyomo hayatarudi. Ukiliacha wazi, litakusomea mama yako kila siku. Lakini litataka kula. Kuna watoto mtaa huu, wanapita hapa na mabegi. Sema wewe."

Msomi alilisogelea pipa na kuweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa. Ndani yake kulikuwa na madaftari tisa, majina ya mito, na jinsi mama yake alivyopanga viatu vyao mlangoni, na hakuna mahali pengine duniani yalipokuwa yameandikwa hayo.

"Nipe nta, bibi," alisema.

Aliipaka mwenyewe, kuzunguka mdomo mzima. Sauti ilianza tena chini ya vidole vyake, "Mama yangu alipozidiwa," ikawa nyembamba, ikawa mvumo, ikawa kimya.

Jumatatu Mama Mkubwa alimpeleka mpaka getini, kama alivyoahidi. Alikuwa ameifua sare ya zamani na kuishusha pindo kwa mkono wake, hakulala. Walipofika alimpa kalamu mpya na kumrekebisha kola, na mikono yake haikutaka kuachia ile kola.

Msomi aliingia. Hakutaka kumwambia mtu aliyekesha akishona kwamba hasomi tena. Alikaa kwenye dawati saa mbili nzima mbele ya karatasi, akisikiliza kalamu za wenzake. Kisha akaikabidhi nyeupe.

Aliporudi alipitia duka la kona. Chupa zao za pipa jeusi zilikuwa zimepangwa dirishani, siki nyeusi kidogo inang'aa juani, zimebaki sita kati ya ishirini. Vibandiko vyake alivyoviandika vyote vilikuwa vyeupe. Juu ya rafu, kwenye hewa tulivu, wingu dogo lilikuwa likielea kama moshi usiojua pa kwenda.

Mzee wa duka alikuwa amevua miwani. Aliipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Gazeti la siku hiyo lilikuwa wazi mbele yake, na wanunuzi wawili walikuwa wakimngoja aanze.

"Afadhali umekuja," alimwambia kwa furaha, akamgeuzia gazeti. "Macho yangu leo sijui yana nini, naona weupe weupe tu. Hebu tusomee, Msomi."